Mafuta Ndani ya Mirija ya Plagi za Boxster: Je, Ni Lazima Injini Ishushwe?

Msomaji mmoja wa mtaa wa Milimani, Kisumu, ameniandikia kuhusu gari lake aina ya Porsche Boxster la mwaka 2006, lenye injini ya lita 2.7, ambalo alilinunua Nairobi kutoka kwa mwenyewe. Anaeleza kwamba kila anapopanda kutoka Ahero kuelekea Kericho na kusimama juu, hunusa harufu ya mafuta yanayoungua, na mara nyingine huona moshi mwembamba ukitoka karibu na gurudumu la nyuma. Hivi karibuni taa ya injini iliwaka, injini ikaanza kukosakosa inapopata joto, na kifaa cha kusomea hitilafu kikatoa msimbo P0304, wa silinda ya nne. Fundi wake alipochomoa koili ya silinda hiyo, yaani kifaa kinachoipa plagi umeme, ilitoka ikiwa imelowa mafuta. Gereji moja imemwambia kwamba ni lazima injini ishushwe na vifuniko vya kamshafti (mihimili inayofungua vali) vifunguliwe ndipo seali zibadilishwe. Anauliza kama hilo ni kweli, kama abadilishe mirija yenyewe au pete zake za mpira tu, kama fundi wake wa kawaida, ambaye kazi yake kubwa ni magari ya Subaru, anaweza kuaminiwa na kazi hii, na kama anaweza kuliendesha gari hilo hadi Nakuru likiwa katika hali hiyo.

Ndugu yangu, naanza na jambo lililo zito zaidi. Usikubali injini ishushwe kwa ajili ya kazi hii, na hasa usikubali vifuniko vya kamshafti vifunguliwe. Mirija ya plagi katika injini yako huchomolewa kutoka nje, mmoja baada ya mwingine, injini ikiwa mahali pake na vifuniko vikiwa vimefungwa vilevile vilivyo. Ni kazi ya siku moja kwa fundi mtulivu mwenye vifaa sahihi. Badilisha mirija yote sita pamoja na pete zake zote, na kwa kuwa mkono umeshafika huko, weka na plagi mpya. Sasa nieleze sababu, kwa maana ushauri huu utakufaa tu ikiwa wewe na fundi wako mtaelewa jinsi injini hiyo ilivyopangwa.

Injini ya Boxster yako ni ya silinda sita zilizolala, tatu upande huu na tatu upande ule, na imekaa katikati ya gari nyuma ya viti. Kwa sababu silinda zimelala, plagi haziingii kutoka juu kama katika magari mengi ya hapa kwetu, bali huingia kutoka ubavuni. Kati ya plagi na nje ya injini kuna chumba cha kamshafti, ambacho muda wote injini inapozunguka hujaa mafuta yanayorushwa huku na huku. Kazi ya mrija ni kuipa plagi njia kavu ya kupita katikati ya chumba hicho chenye mafuta. Ncha yake ya ndani huingia kwenye kichwa cha silinda, na ncha yake ya nje hukaa kwenye tundu la kifuniko cha kamshafti. Kila ncha ina pete yake ya mpira, ile ambayo mafundi wetu huiita oringi. Mirija ni sita, hivyo oringi ni kumi na mbili, na yoyote kati ya hizo ikichoka, mafuta hupata pa kupitia.

Pete hizi mbili hazivuji kwa namna moja, na hapo ndipo dalili ulizoniandikia zinapoanza kueleweka. Pete ya nje ikichoka, mafuta hutoka kwenye ukingo wa mrija, huteremka juu ya kifuniko, na kudondokea mabomba ya ekzosi ambayo yako chini yake hapohapo. Hiyo ndiyo harufu unayoinusa. Pete ya ndani ikichoka, hutaona tone hata moja nje kwa muda mrefu, kwa sababu mafuta huingia ndani ya mrija na kuizunguka plagi na mguu wa koili. Wewe una dalili zote mbili kwa wakati mmoja: harufu na moshi nje, na koili iliyolowa ndani. Kwa hiyo nina hakika ya kutosha kwamba pete za mirija hiyo zimekwisha ndani na nje, ingawa nitakuomba uhakikishe kabla ya kununua chochote.

Kwamba harufu huja ukipanda Kericho na si ukizunguka Oginga Odinga Street ni jambo linaloeleweka vizuri. Kisumu iko takribani mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Kericho inakaribia mita 2,000 au zaidi, na sehemu kubwa ya mpando huo unaikuta baada ya kuiacha Awasi. Injini inavuta mzigo kwa muda mrefu, ekzosi inapata joto kali, na mafuta machache ambayo mjini yangekauka polepole bila wewe kujua huungua mara moja. Kisha unasimama, upepo uliokuwa ukipita chini ya gari unakoma, na harufu inapanda hadi kwenye kiti chako.

Pete zenyewe hazikuharibika kwa sababu ya uzembe wako. Mpira ukikaa miaka mingi ukipashwa joto na kupoa, hupoteza ulaini wake, hukauka, na pete iliyokuwa ya mviringo hubaki imebanwa bapa upande mmoja. Katika Boxster injini imefunikwa pande zote na hewa haiizunguki kwa urahisi, kwa hiyo joto hukaa. Tena fikiria umri wa gari. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo gari la 2006 lilishaingia nchini kufikia mwaka 2013, na ikiwa mwenyewe wa kwanza hakukupa karatasi zinazoonyesha kwamba mirija ilibadilishwa, chukulia kwamba pete hizo ni zilezile zilizotoka nazo kiwandani.

Kabla ya kununua vipuri, fanya uhakiki wa aina mbili. Wa kwanza ni wa umeme. Msimbo P0304 unasema kwamba silinda ya nne inakosa kuwaka, lakini hausemi sababu. Fundi aihamishe koili ya silinda ya nne aiweke kwenye silinda nyingine, na ya huko aiweke kwenye ya nne, kisha afute msimbo na kuliendesha gari hadi lipate joto. Msimbo ukihama pamoja na koili, koili hiyo imekufa na lazima ubadilishe hata kama mirija ni mipya. Msimbo ukibaki palepale, basi plagi au mafuta yaliyomo ndani ya mrija ndiyo ya kushukiwa kwanza. Mafuta hulainisha na kuvimbisha mpira wa mguu wa koili, na umeme wenye nguvu, ambao ulipaswa kuruka kwenye ncha ya plagi, hupata njia fupi ya kukimbilia kwenye chuma cha kichwa cha silinda. Ndiyo maana injini huwa sawa ikiwa baridi na kuanza kukosakosa ikipata joto. Mwambie fundi azitazame pia koili zenyewe kwenye mwanga mzuri, kwa sababu ganda la plastiki la koili za injini hizi hupasuka nyufa nyembamba kama unywele, na nyufa hizo zikipata maji ya mvua au ya kuoshea gari, dalili zake ni zilezile unazozipata sasa.

Uhakiki wa pili ni wa mafuta yenyewe. Injini hii ina sehemu nyingine zinazojulikana kwa kuvuja, na si haki kuilaumu mirija kwa kosa la jirani yake. Mafuta yanayodondoka pale injini inapoungana na gia hutoka kwenye seali kuu ya nyuma ya kranki au sehemu iliyo karibu nayo, na hayo hayahusiani kabisa na plagi. Kwenye ncha za vichwa vya silinda kuna vizibo vidogo vya kamshafti ambavyo navyo huzeeka. Wingu zito la moshi mweupe kutoka nyuma injini inapowashwa huashiria kwamba kile kifaa cha kutenganisha mafuta na hewa kimepasuka ndani, ingawa moshi kidogo asubuhi, baada ya gari kulala, ni kawaida ya injini zilizolala. Njia bora ya kutofautisha ni kuosha eneo lote la chini kwa dawa ya kusafishia breki, kuliendesha gari safari fupi, kisha kuingia chini na taa kabla mafuta hayajasambaa. Ukiona utepe wa mafuta mapya unaoanzia kwenye ukingo wa mrija wa plagi, umepata jibu.

Nasisitiza kuhusu vifuniko kwa sababu hapa ndipo nimeona magari mazuri yakiharibiwa. Fundi aliyelelewa kwenye Subaru na Toyota, na hapa Nakuru au Kisumu ni nani ambaye hakulelewa huko, anajua kwamba mafuta yakijaa kwenye tundu la plagi, dawa yake ni kufungua kifuniko cha juu, kubadilisha gasketi pamoja na seali za matundu ya plagi, na kufunga. Kwa magari hayo yuko sahihi kabisa. Katika injini yako kifuniko si bati la kufunikia tu. Hakina gasketi, kimelazwa juu ya kichwa cha silinda kwa gundi maalumu ya majimaji, tena ni sehemu ya kinachozishikilia kamshafti mahali pake. Ukikilegeza bila vifaa vya kuzifunga kamshafti, springi za vali huzisukuma, mpangilio wa muda wa injini unaweza kupotea, na ulichokianza kama kazi ya mpira wa shilingi chache kinageuka kuwa ukarabati wa injini nzima. Hata kikifunguliwa na kufungwa vizuri, bado utahitaji gundi sahihi kwa kipimo sahihi, kwa kuwa ikizidi, vipande vyake hukatika ndani na kuziba njia ndogo za mafuta. Yote hayo kwa ajili ya kitu kinachochomolewa kwa mkono kutoka nje! Siwezi kujua kama gereji iliyokushauri hivyo ilikosa ujuzi au ilitaka kazi kubwa, lakini ushauri wenyewe ukatae.

Kuhusu vipuri, umeuliza kama ununue mirija au pete tu. Pete peke yake zinauzwa, na zinaweza kuzuia mafuta ikiwa mrija wenyewe ni mzima. Mimi ninashauri ubadilishe vyote viwili, kwa sababu mirija hiyo ni ya plastiki iliyopikwa na joto kwa karibu miaka ishirini. Mara nyingi hutoka ikiwa na ukingo uliomeguka au ufa usioonekana, na mingine huvunjika wakati wa kuchomolewa. Hutaki kugundua hilo gari likiwa juu ya stendi huku mrija wa karibu zaidi uko Nairobi au ng'ambo. Agiza kwa kutumia namba ya chasi, maana umbo la mirija limebadilishwa kadiri miaka ilivyosonga, na mwuzaji makini atakupa toleo linalofaa injini yako. Wenye magari ya kuanzia mwaka 2009 wajue kwamba injini zao ni za muundo mpya, na haya ninayoyaeleza hapa ni ya injini zilizotangulia.

Usinunue oringi za kuokoteza kwenye makasha ya Kirinyaga Road, hata kama kipimo kinalingana na mwuzaji anaapa kwamba ni zilezile. Oringi ya kawaida ya mpira mweusi imetengenezwa kwa mafuta na joto la wastani. Iliyo karibu na plagi na ekzosi inahitaji mpira wa daraja la juu unaovumilia joto la karibu nyuzi 200. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Hiyo ya kawaida itakaa vizuri kwa miezi kadhaa, kisha itakauka na utarudi palepale ulipoanzia, ukiwa umelipa ufundi mara mbili. Kwa plagi, nunua zile zenye ncha nne za pembeni zilizopendekezwa kwa injini hiyo, na fundi asiziguse kwa lengo la kurekebisha mwanya wake, kwa kuwa hutoka kiwandani zikiwa tayari. Koili badilisha tu zilizopasuka, au ambazo mpira wake umevimba na kulegea kwa mafuta.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Gari lilale, injini iwe baridi kabisa. Kichwa cha silinda ni cha aluminiamu, na plagi inayofunguliwa kwenye aluminiamu ya moto inaweza kutoka na nyuzi za tundu. Betri, ambayo katika Boxster iko mbele chini ya boneti, itenganishwe. Gari linyanyuliwe kwenye sakafu ngumu ya zege na kukalishwa juu ya stendi nne imara kwenye sehemu zilizowekwa kwa ajili hiyo. Mtu atalala chini yake kwa saa nyingi, kwa hiyo jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika moja, na udongo mweusi wa tambarare za Kano haufai hata ukiwekewa mbao. Magurudumu ya nyuma yatolewe, ili fundi afikie injini kutoka chini na kutoka ubavuni.

Kabla ya kufungua chochote, eneo la koili lipulizwe kwa hewa ya kompresa. Vumbi jekundu la barabara zetu hujikusanya kwenye mashimo hayo, likachanganyika na mafuta na kuwa tope, na tope hilo halipaswi kuingia ndani. Soketi za nyaya za koili zifunguliwe kwa upole, kwa sababu vishikio vyake vya plastiki navyo vimezeeka. Kila koili imeshikwa na skrubu mbili za pembe sita za ndani, kipimo cha milimita 5. Koili ivutwe nje moja kwa moja bila kupindwa, na kila moja iwekwe alama ya silinda yake.

Hapa kuna uamuzi ambao mafundi hutofautiana, nami nina msimamo wangu. Wengi hutoa plagi kwanza, kisha mrija. Mimi hupendelea plagi kuukuu ibaki mahali pake mpaka mrija mpya umeingia, ili iwe kizibo cha silinda muda wote ambao njia iko wazi. Mrija unapotoka, mafuta kidogo yaliyobaki kwenye chumba cha kamshafti hudondoka, na pamoja nayo hushuka uchafu wa ukingoni. Ikiwa plagi haipo, vyote hivyo vina mlango wa kuingilia kwenye silinda. Kwa hiyo weka karai chini, andaa vitambaa visivyoachia nyuzi, na ushughulikie mrija mmoja mpaka umalizike kabla ya kugusa wa pili.

Kuna kifaa maalumu cha kuchomolea mirija hii, nacho hushika kwa ndani. Asiye nacho anaweza kutumia koleo kubwa ya kutolea pete za ndani, au kizibo cha mpira kinachotanuka kikikazwa. Asianze kwa kuvuta. Kwanza mrija utikiswe kidogo na kuzungushwa taratibu ili mpira uliogandamana uachie, ndipo uvutwe kwa mnyoofu. Mrija ukivunjika, hesabu vipande na uvilinganishe na mrija mpya mpaka uwe na hakika kwamba hakuna kilichobaki ndani. Kisha angalia kama pete ya ndani imetoka nao. Mara nyingi hubaki imeng'ang'ania kwenye kichwa cha silinda, na fundi asiyetazama husukuma mrija mpya juu yake. Gari litavuja siku hiyohiyo. Itolewe kwa kijiti cha mbao au ndoano ya plastiki. Bisibisi ya chuma huacha mkwaruzo, na mkwaruzo mmoja kwenye ukuta ambao pete inakalia unatosha kuwa mfereji wa mafuta. Kwa sababu hiyohiyo msasa hauruhusiwi hapo. Kitambaa chenye dawa ya kusafishia kinatosha.

Pete mpya zipakwe mafuta safi ya injini kabla ya kuingizwa, na si kitu kingine chochote. Najua ni vigumu kwa fundi wa hapa kuacha silikoni mfukoni, maana ndiyo anayoifungia kila kitu, lakini katika kazi hii silikoni ni adui. Inazuia pete kukaa sawasawa na vipande vyake huishia kwenye mafuta. Mrija usukumwe kwa mkono, kwa mnyoofu, na mkono wenyewe utahisi ukinzani mara mbili, pete ya ndani ikiingia kwenye kichwa na ya nje ikiingia kwenye kifuniko. Ukigoma, utolewe na pete ziangaliwe kama zimejikunja, nyundo isiguswe. Ukishakaa, mulika kwa tochi na uhakikishe kwamba umezama sawa pande zote na unalingana na mingine.

Baada ya hapo mrija upanguswe ndani mpaka kitambaa kitoke kikavu, ndipo plagi kuukuu ifunguliwe kwa soketi ya milimita 16 yenye mpira au sumaku ya kuishikilia. Itazame vizuri. Plagi iliyolowa mafuta upande wa juu tu, kwenye kauri na nyuzi za nje, inathibitisha mrija. Plagi yenye masizi ya mafuta kwenye ncha inayowakia inaeleza habari nyingine, kwamba mafuta yanaingia kutoka ndani ya silinda, na hilo utanijulisha kwa barua nyingine. Plagi mpya ianze kuzungushwa kwa vidole kupitia kipande cha mpira wa bomba, kwa kuwa kwa njia hiyo haiwezi kuingia upogo na kuharibu nyuzi, kisha ikazwe kwa spana ya torki hadi Nm 30, nyuzi zikiwa safi na kavu. Skrubu za koili zinahitaji Nm 10 tu, na boliti za magurudumu Nm 130.

Umeuliza kama fundi wako wa Subaru anaweza. Ninaamini anaweza, na pengine ana faida kuliko wengine, kwa sababu amezoea injini zilizolala na kufanya kazi ya plagi kutoka ubavuni mahali pasipo na nafasi. Mwulize mambo mawili kabla hujampa ufunguo: kama ana spana ya torki yake mwenyewe inayosoma kuanzia vipimo vidogo, na kama yuko tayari kuahidi kwamba hatalegeza hata boliti moja ya kifuniko cha kamshafti. Akijibu la pili kwa kusita, msomee aya niliyoiandika juu ya vifuniko. Kama ataelewa kwa nini, mpe kazi.

Injini ikiwashwa baada ya kazi, usishtuke ukiona moshi kidogo. Mafuta yaliyodondokea ekzosi lazima yaungue yaishe, hata kama eneo limesafishwa. Misimbo ifutwe, kiwango cha mafuta kikaguliwe, kisha uliendeshe hadi Ahero na kurudi bila haraka, na fundi aingie chini na taa tena. Baada ya wiki moja hivi, panda Kericho kama ulivyozoea na usimame palepale unaposimamaga. Harufu ikiwa imekwisha, mirija ndiyo iliyokuwa na kosa. Ikiwa bado ipo lakini kingo za mirija ni kavu, fuata vile vizibo vya kamshafti nilivyovitaja, kabla ya kuanza kuifikiria seali ya nyuma. Na katika muda wote huo usiruhusu vijana wanaoosha magari ufukoni waelekeze maji ya presha kwenye injini. Magurudumu na bodi waoshe wapendavyo, lakini maji yakisukumwa kwenye koili huingia mahali ambapo mrija mpya hauna uwezo wa kuyazuia.

Limebaki swali la kuliendesha hadi Nakuru. Ikiwa taa ya injini imewaka bila kumetameta na injini inakosakosa kidogo tu, unaweza kuliendesha polepole ndani ya mji hadi kwa fundi. Safari ya Nakuru siikubali. Silinda isiyowaka hutupa petroli mbichi kwenye ekzosi, petroli hiyo huwaka ndani ya kichujio cha gesi za ekzosi (katalisti), na kwa mpando wa Kericho hadi Mau Summit kichujio kinaweza kuyeyuka ndani kabla hujafika. Bei yake ni mara nyingi ya bei ya mirija yote sita. Kuna na mafuta yanayodondokea ekzosi yenye joto hilo, ambayo sitaki yakukute ukiwa katikati ya malori ya Salgaa. Taa ikianza kumetameta, zima injini pembeni ya barabara hata kama umebakiza kilomita chache. Ukiona ni lazima gari lifike Nakuru, lipakie kwenye lori la kubebea magari. Lakini kwa nilivyokueleza, sioni sababu ya kulitoa Kisumu.